Kola Kabla ya Neno

Karatasi ya mahakama ilinikuta naponda chikichi nyuma ya nyumba, mikono imejaa mawese mpaka kwenye viwiko. Askari aliyeileta alisimama mbali, anaogopea suruali yake.

"Ma Nowai ni wewe?"

"Ni mimi. Nimemuua nani?"

"Hujamuua mtu, Ma. Unaitwa ukakae na wazee wa baraza mahakamani. Jumatatu ijayo, saa tatu asubuhi. Usipokwenda nitarudi, na siku hiyo sitasimama mbali."

Mimi nilisoma miaka mitatu tu, baba akafa, nikaacha. Nasoma polepole, kidole kikitangulia. Nilinawa, nikakaa kwenye kigoda, nikaisoma ile karatasi mpaka mwisho. Ilisema jina langu limetoka kwenye orodha ya wakaaji, hakuna aliyenichagua. Ilisema nisije na simu, nisiongee habari za kesi na mtu, na nisipokee kitu chochote kwa mtu mwenye jambo mahakamani. Hilo la mwisho nililisoma mara mbili nikacheka. Nani atanipa kitu mimi?

Siku ya kwanza tulikuwa zaidi ya arobaini, tumebanana kwenye mabenchi kama tunangoja chanjo. Jaji alituita mmoja mmoja. Unamjua mshtakiwa? Ulimjua marehemu? Una ndugu polisi? Mwalimu mmoja alisema marehemu alikuwa shemeji yake, akatolewa. Mwingine alisema anaumwa mgongo, jaji akamwambia viti vya mahakama vina mto. Tukabaki kumi na wawili, na watatu wa akiba. Wa akiba husikia kila kitu, ila hawaamui neno mpaka mmoja wetu atoke. Wa kwanza wao alikuwa Mzee Zubah, fundi wa paa aliyestaafu. Kiti chake kilikuwa nyuma yangu. Siku ya pili tu nilianza kumsikia akikoroma.

Tuliapishwa. Jaji akasema nasi taratibu, kama mtu anayewaachia watoto nyumba.

"Mtakaloamua, liamueni kwa mliyoyasikia humu ndani. Ya nje yaacheni nje. Mnayoyajua ya maisha, ya shamba, ya soko, hayo ni yenu, yatumieni. Shahidi akisema jambo lisilowaingia, inueni mkono muulize. Ni haki yenu, msione haya. Na kila asubuhi nitawauliza swali moja: kuna mtu amewasogelea? Mnijibu ukweli."

Kesi yenyewe ilikuwa ya kijana aitwaye Mulbah. Mwaka uliopita, mwezi wa tatu, wakati kila mtu anachoma shamba lake ili apande mpunga, kibanda cha baba yake mkubwa kiliungua. Huyo baba mkubwa, Mzee Kerkula, alikuwa amelala ndani na mguu wenye kidonda. Hakutoka. Wawili hao waligombea mpaka wa shamba, na kijiji kizima kiliwasikia wakitukanana.

Mulbah alisema alichoma shamba lake mchana, jua likiwa kichwani, kama wanavyofanya watu wote. Majirani alikuwa amewaambia. Upepo ukageuka. Alipoona moto umeruka kwa baba yake mkubwa alikimbia, na mikono yake ilikuwa na makovu ya kuonyesha. Wakili wa serikali alisema si hivyo: kijana alikiwasha kibanda asubuhi kwa makusudi, halafu mchana akachoma shamba lake ili moto mmoja uufiche mwingine. Na wakili huyo alikuwa na shahidi aliyeona, ambaye tungemsikia wiki ya pili.

Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa moja: kusema kama moto ule ulipita wenyewe au ulitumwa. Ukiwa ulitumwa, Mulbah hatoki jela mpaka azeeke. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikaa kwenye benchi la peke yake, magoti yamebanana, kama mgeni aliyekaribishwa nyumba yenye zulia.

Walitulaza katika nyumba iliyo ua mmoja na mahakama, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Mimi nililala chumba kimoja na Finda, mshona nguo wa miaka ishirini na tisa, ulimi wake mkali kuliko mkasi wake.

"Mimi nami eti mzee wa baraza," alisema. "Nikirudi nyumbani nitamwambia mume wangu aniamkie."

Jumapili askari alitupeleka kanisani, na tuliporudi nikaomba kuchota maji. Bomba lilikuwa nje ya ua kidogo. Askari alinisindikiza, akasimama kwa muuza ndizi za kuchoma, akaanza maneno yake ya kijana na msichana.

Pale bombani palikuwa na mwanamke wa umri wa binti yangu mkubwa, uso umekonda, kichwa amekifunga kitambaa cheusi. Aliichukua ndoo yangu bila kuombwa, akaanza kunipampia.

"Ma, wewe si wa hapa."

"Si wa hapa. Natoka ng'ambo ya mto."

"Nimeona ulivyoshika ndoo. Wa mjini huishika kama imewakosea."

Nikacheka. Wiki nzima nilikuwa sijapata mtu wa kuongea naye lugha ya nyumbani namna ile. Ndoo ilipojaa alifungua fundo la kitenge chake, akatoa kola mbili nyeupe, zile mbegu chungu za kutafuna, zimefungwa kwenye jani bichi. Akazishika kwa mikono miwili, akanisogezea.

Kwetu kola hutangulia, neno hufuata. Mtu akikunyooshea kola humuulizi ni ya nini. Kumuuliza ni kumwambia usoni, sikuamini. Na kola nyeupe ndiyo kabisa, maana anayekupa amesema moyo wake ni safi. Ukiikataa, watu watakusema wewe, hawatamsema yeye. Nimeishi miaka sitini na minane na sijaikataa kola ya mtu, hata ya yule aliyenichukulia mume.

Basi nilipokea kwa mikono miwili. Nikapasua moja, nikampa kipande chake, nikatia changu mdomoni. Uchungu wake ukanijaza mate, nikanywa maji ya bomba juu yake, yakawa matamu kama yanavyokuwa.

Ndipo aliposema neno lake.

"Ma, yule kijana anayekaa kwenye benchi la peke yake ni mwanangu. Naitwa Gormah. Nilikuwa nimelala na homa kwetu, nimefika jana. Sikuombi kitu. Mwangalie tu kwa macho ya mama."

Akajitwika ndoo yake, akaenda.

Nilisimama pale, kola moja kiganjani, nyingine imeshaingia mdomoni. Askari akaniita, "Ma, twende, umeota mizizi?"

Chumbani Finda aliniangalia. "Unatafuna nini kama mbuzi?"

"Kola."

"Nipe na mimi. Umepata wapi?"

"Nimepewa na mtu."

"Mtu ana jina."

"Nimelijua baada ya kutafuna." Nikamwambia jina.

Finda aliweka chini sindano yake. "Ma Nowai! Si ungeuliza kwanza?"

"Kwenu huwa mnauliza?"

"Hapana. Kwetu nasi hatuulizi." Akaenda kufunga mlango, akarudi akakaa karibu yangu. "Sikiliza. Wewe hukuniambia, mimi sikusikia. Kesho kuna shahidi, keshokutwa tunaamua, tunakwenda zetu. Kola si ng'ombe."

"Na jaji akiuliza asubuhi?"

"Akiuliza, kohoa. Ukisema watakutoa, halafu anaingia Mzee Zubah. Unataka mtoto wa watu aamuliwe na mtu anayekoroma?"

Jumatatu jaji aliuliza. "Kuna mtu amemsogelea yeyote kati yenu?" Aliuliza huku akipanga karatasi zake, kama anavyouliza kila siku. Wenzangu wakatikisa vichwa. Mimi sikukitikisa changu, ila sikufungua mdomo. Niliona kama kila mtu mle ndani anaona ile kola ya pili kwenye fundo la kitenge changu. Gormah alikuwa amekaa safu ya nyuma. Sikumtazama.

Kisha akaitwa yule shahidi. Togbah jina lake, kijana mnene mwenye sauti ya kwaya. Alisema asubuhi ile alikuwa akienda kutazama mitego yake bondeni. Jua lilikuwa halijatoka vizuri, ukungu umetanda. Akamwona Mulbah ameshika kijinga cha moto, akakitia kwenye vichaka vilivyokatwa kando ya kibanda cha Mzee Kerkula. Moto ukaruka mara moja hadi kwenye makuti ya paa. Yeye akaogopa, akakimbia.

Mimi nimechoma mashamba tangu nikiwa na meno ya utoto. Nimechoma na mama yangu, na mume wangu, na baada yake nimechoma peke yangu. Bondeni kwetu, mwezi wa tatu, umande wa asubuhi ni kama mvua iliyosahau kuondoka. Ukitaka kuchoma asubuhi utamaliza kiberiti chote na kanga yako itanuka moshi bila moto. Ndiyo maana watu husubiri jua lipite kichwani. Na paa la makuti lililolala kwenye ukungu halishiki mara moja. Linafuka, linalia, linakataa. Ukungu ule na moto ule wa kuruka havikai katika asubuhi moja.

Swali likanijia lote, likiwa limeshapangika: Kijana, vichaka vile vilikuwa vimekauka saa ngapi?

Mawakili walipomaliza, jaji akatugeukia. "Baraza lina swali kwa shahidi?"

Mkono wangu uliondoka pajani. Nawaambia kweli, uliondoka. Halafu nikaiona kola. Nikajiuliza, nikiuliza swali hili, nani anauliza? Ni mimi niliyechoma mashamba, au ni kola? Kama nisingekuwa nimetafuna, ningeuliza bila kusita. Sasa nimetafuna, na swali lenyewe ni la kweli, lakini linatoka katika mdomo wenye ladha ya mama yake. Na siku watu wakijua, watasema kijana alinunuliwa bombani, na atatembea na neno hilo maisha yake yote.

Mkono ukarudi pajani.

"Hakuna swali," jaji akasema, akaandika. Togbah akashuka.

Siku hiyo sikula. Finda alinisogezea bakuli la wali na majani ya muhogo, nikalirudisha. "Sasa unafunga?" akasema. "Kola imekushibisha?" Alitaka nicheke. Alipoona sicheki akaendelea kushona.

Jumanne asubuhi jaji aliuliza swali lake, nami nikasimama.

"Mimi, Mheshimiwa."

Akaacha karatasi. "Wewe nini, Ma?"

"Mimi nimesogelewa. Nilipewa kola juzi, bombani." Nikafungua fundo, nikaiweka ile kola kwenye kitambaa changu, karani akaja akaichukua.

"Ni hii tu?"

"Zilikuwa mbili. Moja tumekula."

Watu wakacheka. Jaji akagonga meza. "Jana niliuliza. Mbona ulinyamaza?"

"Jana niliogopa."

"Na leo huogopi?"

"Leo naogopa zaidi, Mheshimiwa, ila nimechoka kuogopa peke yangu."

Hakucheka mtu. Jaji akauliza, "Nani alikupa?"

Hapo ulimi ulikataa. Nilijua nikitaja jina nitamtia mtu ndani, na mtu mwenyewe ni mama. Nyuma kukasikika benchi likilia.

"Ni mimi, baba," Gormah akasema. Alikuwa amesimama, mkono mmoja juu kama mtoto wa shule. "Sikumwambia aamue nini. Nilimwambia amwangalie mwanangu."

Mulbah, ambaye wiki nzima hatukuijua sauti yake nje ya maswali ya mawakili, alipiga kelele. "Mama, kaa chini! Kaa chini, Mama, unaniua!"

Jaji aliwanyamazisha wote. Alimwuliza kila mmoja wetu kama nilimwambia jambo. Finda alisema nilimwambia nimepewa kola, na kwamba yeye ndiye aliyenishauri ninyamaze. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuijua. Jaji alimkemea mpaka machozi yakamtoka, lakini akamwacha, kwa kuwa hakutafuna. Mimi akaniambia nitoke barazani. Gormah naye asikae tena mle ndani. Tukae wote wawili kwenye ukumbi wa nje, askari atuangalie, tusiseme neno moja la kesi na mtu yeyote, sisi kwa sisi wala na mwingine, mpaka uamuzi utoke.

"Mheshimiwa," nikasema, "naomba nimwulize yule shahidi swali moja tu."

Hakuwa mtu mkali, nalisema hilo mpaka leo.

"Ma Nowai, haki hiyo umeiacha kwenye kitambaa hiki."

Mzee Zubah akapanda kukaa kwenye kiti changu. Alikuwa akijifuta macho.

Nje palikuwa na benchi moja tu, chini ya dirisha la mahakama. Gormah alikaa ncha hii, mimi ncha ile, askari katikati kwenye ngazi.

"Umeipeleka kola yangu kwa jaji," Gormah akasema, "kama mtu anayepeleka panya aliyemkuta kwenye chungu."

"Mmeambiwa msiongee kesi," askari akasema.

"Naongea kesi mimi? Naongea kola. Kola imeshtakiwa?"

Askari akajikuna. "Haya. Kola ongeeni."

"Nimezaa sita, wamebaki wawili," Gormah akaniambia. "Nilikutazama ulivyoshika ndoo, nikasema, huyu ni mama. Nikajua. Nilijidanganya."

"Hukujidanganya."

"Basi mbona umenifanyia hivi?"

Ningemwambiaje? Kwamba swali la kumtoa mwanawe lilikuwa mdomoni mwangu, na kola yake ndiyo iliyolifunga? Hayo yote yalikuwa kesi. Nikasema, "Mama, ungenisalimia tu, ukanipampia maji, ukaenda zako."

"Niende zangu mikono mitupu? Kwa mtu aliyeshika mwanangu? Watu wa kwetu wangesema mimi ni mama gani?"

Hata mimi ningempelekea mtu kola.

Dirishani tukasikia sauti ya jaji. Alisema kwa kuwa mtu mpya amepanda barazani, shahidi wa jana atarudi, ili mzee huyu kama ana swali aulize. Tukasikia viatu vya Togbah. Halafu kimya. Nilishika ukingo wa benchi, nikasema moyoni, umande, Mzee Zubah, umande.

"Kijana," Mzee Zubah akasema, sauti nzito ya usingizi, "asubuhi ile ulikuwa umeshakula?"

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Gormah akaziba uso. "Mungu wangu. Ndiye huyo aliyekaa kwenye kiti chako? Anauliza chakula?"

"Sikuwa nimekula, mzee," Togbah akajibu, naye akicheka.

"Kwa nini?"

"Nilirudi nimelowa. Nilitaka nikauke kwanza."

"Ulilowa na nini? Mvua?"

"Umande, mzee. Njia ile asubuhi nyasi zinakulowesha mpaka kiunoni."

"Ahaa," Mzee Zubah akasema. "Mpaka kiunoni. Asante, mwanangu. Nimemaliza."

Niliuma ncha ya kitenge nisipige kelele. Mpaka leo sijui kama mzee yule alijua alichouliza, au njaa ilimwuma tu. Nilipomwuliza baadaye alisema mtu aliyeezeka paa miaka arobaini hana haja ya kufumbua macho ili asikie. Gormah alikuwa bado anatikisa kichwa. "Chakula," alisema. "Mwanangu anakufa, yeye anauliza chakula." Nami nimekaa pale, najua shahidi amejimwagia maji mwenyewe, nimekatazwa kumwambia mama mtu.

Waliingia chumba cha kuamua kabla ya saa sita. Jua likazunguka, likaja likatukalia magotini. Askari alituletea maji kwa kikombe kimoja. Gormah alikunywa, akafuta mdomo wa kikombe kwa kanga yake, akanipa. Hakunitazama.

Saa kumi walitoka. Tuliruhusiwa kusimama mlangoni. Kwetu, kesi kama ile, wote kumi na wawili lazima wawe na neno moja. Hawakuwa nalo. Tisa walisema kijana hana hatia, watatu wakasema anayo. Jaji aliwarudisha, wakatoka tena vilevile. Akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasema baraza limevunjika, kesi itaanza upya muhula ujao mbele ya watu wengine, na mshtakiwa arudi rumande.

Muhula ujao ulikuwa mwezi wa tano.

Gormah, jaji alimwonya tu akamwachia. Alimfuata Mulbah mpaka kwenye gari la polisi, akishika nyavu za dirisha. Finda alikuja kwangu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mzee Zubah alituambia habari ya umande," akasema. "Wote tuliochoma mashamba tukaelewa palepale. Wale watatu wakakataa. Unajua walisema nini, Ma?"

"Niambie."

"Walisema asiye na hatia mama yake hapeleki kola." Akavuta pumzi. "Ungeuliza jana kabla hawajajua, tungemaliza wote kumi na wawili. Na ungesema jana asubuhi, Mzee Zubah angeuliza vilevile, na wale labda wangekuwa wamepoa. Sijui, Ma. Mimi ndiye niliyekwambia ukohoe."

"Wewe ulinishauri. Aliyetafuna ni mimi."

Sasa baraza lilikuwa limevunjika na mdomo wangu ulikuwa wangu tena. Nilimfuata wakili wa Mulbah, binti mdogo aliyewekwa na serikali kumtetea, akifunga mafaili yake kwa kamba. Nikamweleza yote, ukungu, kijinga, makuti, moshi usio na moto. Aliandika haraka, akaniuliza ninavyochoma, mwezi gani, saa ngapi. Alikuwa amekulia mjini, hajawahi kuwasha shamba.

"Ma," akasema, "ungeuliza hili jana, kijana angekuwa anakula kwao leo."

"Najua."

"Utarudi useme haya mbele ya mahakama?"

"Nitarudi."

Akanisogezea karatasi niweke dole gumba. Nikamwambia nipe kalamu. Niliandika jina langu lote, herufi kwa herufi, naye alisubiri.

Kabla ya kuondoka nilimtafuta Gormah nimwambie. Alikuwa ameshapanda gari la kwao.

Miezi ile mitatu ilikuwa mirefu. Nilipanda mpunga wangu, nikafikiria shamba la Mulbah lililosafishwa kwa moto ule wa balaa, likaota magugu mwaka wa pili kwa sababu mwenyewe amefungiwa. Mvua zilipoanza nilifikiria paa la rumande.

Mwezi wa tano nilirudi, safari hii bila karatasi ya kuitwa barazani. Nilisimama pale anaposimama shahidi, nikasema habari ya umande, na wakili wa serikali akaniuliza kama ni kweli nilikula kola ya mama wa mshtakiwa. Nikasema ni kweli, niliila, na kola haikunifundisha kuchoma shamba. Jaji akawaonya watu wasicheke. Togbah alipoulizwa habari ya nguo zake kulowa, alisema ile asubuhi, kisha akasema labda asubuhi nyingine, kisha akasema hakumbuki. Baraza jipya halikukaa hata saa mbili. Wote kumi na wawili, neno moja.

Mulbah alitoka amekonda, anakohoa kifua kizima. Alisimama kwenye ngazi akitazama mvua kama mtu anayejaribu kukumbuka ni ya nini. Msimu wa kupanda ulikuwa umempita. Wenzake mpunga wao ulikuwa umefika magotini.

Gormah alimfunika na kanga yake, akamketisha kwenye benchi lile lile chini ya dirisha. Kisha akaja kwangu. Alisimama mbele yangu, akafungua fundo la kitenge, akatoa kola moja nyeupe kwenye jani. Akaishika kwa mikono miwili, akaninyooshea.

Mikono yangu haikwenda.

"Ya nini?" nikauliza.

Nilisikia mwenyewe nilivyosema. Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kumuuliza mtu hivyo. Nikadhani Gormah atanitukana, na angekuwa na haki. Aligeuka akamwangalia mwanawe anayekohoa, akanirudia.

"Siku hizi unauliza kwanza," akasema.

"Siku hizi nauliza."

"Si ya neno lolote, Ma. Ni kola tu."

Nikaipokea. Nilitaka niipasue, nimpe kipande chake, tutafune kama watu. Lakini kijana alikohoa tena, sote wawili tukageuka. Nikabaki nimeishika, mpaka ikapata joto la mkono wangu.